LENZI IMEPOTELEA JICHONI? TULIA MDAU, HAIJAENDA KWENYE UBONGO

Leo siasa tuziweke pembeni kidogo, tuongelee macho.

Mnaona wenyewe lenzi za rangi zilivyoingia mpaka huku kwetu. Zamani tulikuwa tunaziona kwenye filamu za Kinaijeria na kwa mastaa wa Bongo tu, sasa msimu wa harusi ukifika unakutana na dada ana macho ya kijivu Rulenge, mwingine ya kijani Biharamulo mjini. Zinauzwa kwenye maduka ya vipodozi, au mtu anaagiza Kariakoo zinaletwa na basi. Halafu wapo wale wachache waliopewa lenzi zisizo na rangi na daktari ili waone vizuri. Makala hii ni ya wote.

Tatizo ni kwamba ukinunua dukani unapewa kiboksi, basi. Hakuna anayekueleza siku ikigoma kutoka ufanyeje, au ukijitazama kwenye kioo usiione kabisa. Hapo ndo mtu anaanza kupiga yowe kwamba imezunguka nyuma ya jicho inaelekea kwenye ubongo! Na wasaidizi hawakosekani: huyu analeta maji ya ndoo, yule anasema tafuta mama anayenyonyesha, mwingine tayari ameshanyoosha kucha. Kusema ukweli, mara nyingi jicho linaumizwa na hao wasaidizi kuliko lenzi yenyewe.

HAIWEZI KWENDA NYUMA YA JICHO

Hili lishike kwanza, maana ndilo litakalokutuliza. Ile sehemu nyeupe ya jicho imefunikwa na utando mwembamba sana, unaona upande wa pili kama nailoni. Utando huo ukifika ndani kabisa chini ya kope unakunja kona, unarudi mbele na kuwa bitana ya ndani ya kope lenyewe. (Nikisema kope hapa namaanisha ile ngozi inayofunga jicho, sio zile nywele.) Umeshonwa pande zote, hakuna upenyo.

Fikiria mfuko wa suruali. Ukitumbukiza sarafu ya mia itashuka mpaka chini ya mfuko, labda ijikunje kwenye kona usiione, lakini haiwezi kuingia mguuni kama mfuko haujatoboka. Lenzi ni hivyo hivyo. Kwa hiyo iko sehemu moja kati ya hizi: katikati ya jicho imekauka na kunasa, au imesogea kwenye weupe, au imejificha chini ya kope la juu ambako mfuko ni mrefu zaidi, au... ilishadondoka zamani na wewe unatafuta kitu ambacho hakipo.

LAKINI INAWEZA KUKAA HUMO MIAKA

Sasa usije ukasema "kumbe haina shida, nitaiacha itoke yenyewe". Sikiliza visa hivi viwili, vyote viliandikwa na madaktari wenyewe kwenye majarida ya udaktari ya Uingereza.

Mwaka 2017 walieleza habari za mama wa miaka 67 wa huko Solihull, Uingereza. Alikuja kufanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho. Walipomwandaa wakakuta kitu cha bluu chini ya kope: lenzi 17 zimegandana pamoja! Walipotazama vizuri zaidi wakakuta nyingine 10. Jumla 27, jicho moja. Mama wa watu alidhani ule usumbufu ni uzee na ukavu wa macho tu. Upasuaji ukaahirishwa kwa kuhofia vijidudu.

Cha pili kilichapishwa mwaka 2018, kutoka Scotland. Mama wa miaka 42 alikuwa na uvimbe kwenye kope. Walipopasua wakakuta lenzi ngumu ndani yake. Ikabidi familia ikumbuke: alipokuwa na miaka 14 alipigwa jichoni akicheza mchezo wa vinyoya, lenzi ikapotea, wote wakaamini imedondoka. Kumbe ilikaa humo miaka 28.

Somo ni nini? Kupotea kwa lenzi si jambo la kufa mtu, ila si jambo la kupuuza. Kama hujaishika mkononi, hesabu kwamba bado imo mpaka mtu mwenye ujuzi athibitishe haimo.

KWA NINI INANASA

Lenzi laini tunazovaa leo zilitokana na mkemia wa Czechoslovakia anaitwa Otto Wichterle. Mwishoni mwa mwaka 1961, akiwa nyumbani kwake, alitengeneza mashine ya kuzizungushia kwa kutumia vyuma vya mchezo wa watoto na dainamo ya baiskeli. Ndio, dainamo ile ile ya kuwashia taa ya Phoenix! Plastiki aliyoitumia ina sifa moja: inanyonya maji kama sponji. Ikiwa na maji ni laini na inateleza. Ikikauka inakakamaa na kushikilia jicho.

Sasa tazama maisha yetu. Kiangazi, vumbi, boda bila miwani, moshi wa jiko la kuni, safari ya basi toka Mwanza dirisha limefunguliwa, halafu kulala nazo kwa sababu sherehe imeisha saa tisa usiku. Vyote hivyo vinakausha. Na wengi wa saluni hawapimi ukubwa. Jicho lina mviringo wake kama mguu ulivyo na namba ya kiatu, lenzi isiyo saizi yako inabana au inatangatanga.

FANYA HIVI, HATUA KWA HATUA

1. Tulia. Usisugue jicho. Kusugua kunaikunja na kuisukuma juu zaidi, na kunakwaruza kioo cha jicho, yaani ile sehemu ya mbele inayong'aa.

2. Nawa mikono kwa sabuni na maji tiririka, kausha kwa kitambaa safi kisichotoa manyoya. Watu wa Biharamulo mnakumbuka zile ndoo za bomba kila mlango Januari hadi Machi 2025 wakati wa Marburg. Nawa namna ile ile.

3. Hakikisha kama kweli imo. Angalia shavuni, kwenye nywele za kope, kifuani, sakafuni, kwenye kikopo chake. Kama ni ya kuonea, funika jicho moja moja: ukiona vizuri kama kawaida yake, lenzi iko mahali pake. Kama ni ya rangi, simama mbele ya kioo penye mwanga, tazama juu, chini, kushoto, kulia. Utaiona kirahisi.

4. Iko katikati lakini imeng'ang'ania? Tia matone ya kulainisha macho au maji maalumu ya kuhifadhia lenzi. (Kama maji hayo ni ya aina ya peroksaidi, ole wako, hayo hayatiwi jichoni kamwe. Soma chupa.) Maji ya dripu ya chumvi, yale ya hospitali ambayo hayajafunguliwa, pia yanafaa. Soma maandishi yake, sio ile dripu ya sukari! Funga jicho, pumzika, pepesa pepesa. Papasa kope kwa upole, kwa nyama ya kidole, huku jicho limefungwa. Rudia kwa dakika kama kumi. Usiibanduе mpaka uone inateleza yenyewe.

5. Ikishaanza kuteleza, tazama juu, ishushe taratibu mpaka kwenye weupe, kisha ibane kwa nyama za vidole viwili. KUCHA HAPANA. Na zile kucha za bandia ndo kabisa, mwite mwenzako mwenye kucha fupi naye anawe kwanza.

6. Imejificha chini ya kope la juu? Tia matone, tazama chini kabisa kama unaangalia viatu vyako, kisha papasa kope toka juu kuja chini, taratibu. Pepesa. Mara nyingi inachungulia yenyewe.

7. Ikitoka, iweke kiganjani uitazame. Ni duara kamili? Kama imechanika na kipande hakionekani, kipande hicho hesabu kimo.

Wenye lenzi ngumu: nyie msibane wala msikandamize kope kwa nguvu. Lenzi ngumu ikinasa kwenye weupe inanyonya kama kikombe. Bonyeza kidogo weupe pembeni mwa ukingo wake kwa nyama ya kidole ili hewa iingie, au tumia kile kimpira cha kunyonyea ulichopewa. Ikigoma, nenda kwa aliyekupa.

USITHUBUTU

- Maji ya bomba, kisima, mto au ziwa. Najua yanaonekana masafi. Lakini kwenye maji na udongo anaishi kijidudu anaitwa akantamiba. Akijificha kati ya lenzi na jicho anaweza kula kioo cha jicho taratibu, na matibabu yake ni ya miezi. Kutia chumvi ya jikoni hakumuui.

- Mate. Mdomo umejaa vijidudu.

- Maziwa ya mama, asali, mkojo, maji ya majani. Hili nalisema kwa heshima kwa bibi zetu. Lakini utafiti uliofanywa hapa hapa Tanzania na kuchapishwa mwaka 1994 ulikuta karibu robo ya wagonjwa wenye vidonda kwenye kioo cha jicho walikuwa wametia dawa za kienyeji. Hata Januari 2024, macho mekundu yalipozuka Dar es Salaam, Wizara ya Afya ilitoa tahadhari watu wasijitibie wenyewe.

- Kibano, kijiti cha kiberiti, pamba, ncha ya khanga.

- Kuvaa lenzi nyingine juu kwa sababu picha bado hazijapigwa. Yule mama wa 27 unadhani alifikaje?

- Matone yoyote uliyobakiza nyumbani au aliyobakiza jirani. Yapo yenye steroidi, yanaondoa wekundu ukadhani umepona huku kidonda kinazidi ndani.

Ila kuna hali moja ambayo sheria ya maji inabadilika. Kama jichoni kumeingia KEMIKALI, mfano maji ya betri, chokaa, dawa ya kunyunyizia mazao, usisubiri maji ya hospitali wala usipoteze muda kutafuta lenzi. Mwagia maji safi yoyote yaliyopo, mengi, mfululizo, robo saa mpaka nusu saa, ndipo ukimbie hospitali. Hapo kila sekunde ni jicho.

NIMETAFUTA SIIONI, NIACHE SAA NGAPI?

Ukishajaribu kwa upole mara mbili tatu na haipo, ACHA. Kuna ujanja mmoja wa jicho ambao unawaponza wengi: kioo cha jicho kikikwaruzwa unasikia kama kuna kitu bado, hata kama hakuna kitu. Unazidi kuchokonoa, unazidi kujikwaruza, unazidi kusikia kitu. Mzunguko hauishi.

Nenda hospitali SIKU HIYO HIYO ukiona mojawapo ya haya, hata kama lenzi ilishatoka: maumivu yanaongezeka badala ya kupungua, jicho jekundu, mwanga unakuchoma, unaona ukungu, usaha, au doa jeupe kwenye sehemu nyeusi. Doa hilo ni kidonda. Kwa mvaa lenzi kidonda kinaweza kuharibu jicho ndani ya siku moja mbili, na hata kikipona kinaacha kovu. Kovu kwenye kioo cha jicho ni kama ufa kwenye kioo cha gari, haufutiki kwa kitambaa. Ndio maana nasema hili si suala la urembo tu.

Na usivumilie kisa sherehe haijaisha. Julai 2024 mwigizaji wa India Jasmin Bhasin alivaa lenzi kwa ajili ya shughuli moja huko Delhi. Macho yakaanza kuuma, akavaa miwani ya jua akaendelea mpaka mwisho, ikafika hatua haoni vizuri. Madaktari wakakuta vioo vya macho vimeumia, akafungwa bandeji. Huyo ni staa, daktari yuko mtaa wa pili. Wewe tuseme uko kwenye sendofu Kabanga usiku wa Jumamosi, daktari wa macho yuko wapi?

UENDE WAPI UKIWA HUKU KWETU

Hapa ndo penye kazi. Mabingwa wa macho wengi wako mijini. Lakini usikae nyumbani kwa sababu hiyo. Anzia karibu: zahanati au kituo cha afya wanaweza kuosha jicho kwa maji salama, kukupa dawa ya kuzuia vijidudu na kukuandikia rufaa. Kwa Ngara kuna hospitali ya wilaya Nyamiaga, kuna Murgwanza na Rulenge. Biharamulo kuna hospitali pale mjini. Piga simu kwanza au mtume mtu aulize kama mtaalamu wa macho yupo siku hiyo, usije ukafika ukaambiwa yuko semina.

Likiwa kubwa utapelekwa mbele: hospitali ya mkoa Bukoba, hospitali ya kanda Chato, au Bugando Mwanza. Kwa Mwanza safari imekuwa nafuu, daraja la Kigongo-Busisi lilifunguliwa Juni 2025, kile kivuko cha kusubiri wakati jicho linawaka moto tumekisahau.

Nenda na lenzi uliyoitoa na kikopo chake, usivitupe. Vinaweza kupimwa kujua kijidudu gani. Na SEMA UKWELI kwamba ulivaa lenzi, hata kama mama amekusindikiza na hakujua. Ukisema "limeingia vumbi" utapewa dawa ya vumbi, na pengine jicho litafungwa kwa bandeji, kitu ambacho kwa mvaa lenzi mwenye kidonda kinawapa vijidudu joto na giza wanalolipenda.

Watakufanyia nini? Usiogope, si upasuaji. Watatia tone la ganzi, watageuza kope la juu kwa kijiti cha pamba watazame ndani. Wanaweza kutia rangi ya njano kisha kumulika kwa taa ya bluu. Mkwaruzo unang'aa kijani, na lenzi laini nayo inainywa ile rangi, kwa hiyo kama imejificha inajionyesha yenyewe. Lenzi yenyewe haitafaa tena, ila jicho ndilo ulilolifuata.

Tone lile la ganzi usiombe uende nalo nyumbani. Linaondoa maumivu lakini ukilitumia siku nyingi linazuia kidonda kupona.

KUZUIA NI RAHISI KULIKO YOTE

Lenzi ni kifaa tiba, hata ile ya urembo. Huko Marekani tangu 2005 sheria inataka cheti cha daktari hata kwa lenzi ya rangi tu. Hapa kwetu vifaa tiba viko chini ya TMDA. Kwa hiyo ukitaka kuvaa, pimwa kwanza na mtaalamu wa macho, hata ukiwa safarini Mwanza au Bukoba, uambiwe saizi yako.

Usiazimane. Najua mnachangia, bibi harusi anavaa Jumamosi, mpambe anavaa Jumapili. Unachangia na vijidudu. Usilale nazo. Usioge wala kuogelea nazo. Vaa lenzi kabla ya kujipaka vipodozi, zivue kabla ya kunawa uso. Maji ya kikopo mwaga kila siku, usiongezee juu ya ya jana. Iliyoandikwa mwezi mmoja inahesabiwa toka siku uliyofungua, sio siku ulizovaa. Ukipanda boda vaa miwani. Na kwenye mkoba beba kikopo, maji yake na kichupa cha matone, usibebe lipstiki peke yake.

Haya wadau, dakika zenu za kafe zisije zikaisha bure. Kama una rafiki anayejiandaa kwa harusi na ameshaagiza macho ya bluu, mtumie hii kabla hajavaa. Na kama wewe yamewahi kukukuta, tuandikie hapo chini ilikuwaje na ulisaidiwa wapi, maana huenda kuna mtu Nyakanazi au Rusumo muda huu anasoma huku jicho moja kalifumba.